Kabla ya Kumwambia Mwenzako Atulie



Mwanamke anayefika katika nyumba ya hifadhi saa nane za usiku, mtoto mmoja begani na mwingine amelishika buibui lake, hafiki na nafsi yake yote. Mwili umeingia mlangoni, lakini masikio yamebaki kule alikotoka, yanasikiliza kama kuna nyayo zinazomfuata. Hupewa chai, kitanda na kanga kavu. Asubuhi huja mtu wa kuandika maelezo yake, na baadaye huenda akaja wakili. Haya yote ni mema, na Mwenyezi Mungu awalipe wanaoyafanya. Lakini usiku wa pili, na wa tatu, na wa ishirini, mwanamke huyo huwa bado hajalala. Mlango ukibamizwa na upepo, huruka. Mwanawe akilia kwa sauti kubwa, mikono humtetemeka asijue kwa nini.

Wanaomwona katika saa hizo si daktari wala wakili. Ni mama mlezi wa zamu ya usiku, ni mpishi aamkaye alfajiri kukanda unga wa mahamri, ni msichana anayetunza watoto. Katika makala haya twataka kuwazungumzia hao. Yapo mafunzo ambayo wahudumu wa namna hii wanaweza kupewa, wakaongoza vikao vifupi vya kutuliza nafsi kwa wakaazi wa nyumba hizo. Yamejaribiwa, na mahali pamoja yalipojaribiwa si mbali na sisi. Na asiyefunzwa hafai kuviongoza vikao hivyo, hata awe na moyo mwema kiasi gani. Hili la mwisho ndilo lililotufanya tushike kalamu, kwa sababu watu wema ni wengi na haraka yao ni kubwa.

Jambo lenyewe

Kwa Kiswahili wengine huliita uzingativu, wengine umakinifu. Sisi tuliosoma chuoni twaona neno lililo karibu zaidi ni kuhudhurisha moyo: mtu kuwa pale mwili wake ulipo, akakitambua kinachopita ndani yake, iwe hofu au ghadhabu au kumbukumbu, bila kukikimbia na bila kupigana nacho. Mwaka 1979, Jon Kabat-Zinn, katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts mjini Worcester, Marekani, alianzisha mafunzo ya wiki kadhaa kwa wagonjwa ambao maumivu yao hayakuwa yakiisha kwa dawa. Yeye alikuwa amejifunza kutafakari kwa walimu wa Kibudha, kisha akaliweka zoezi kando na ibada yao, akalifanya kuwa kazi ya hospitali.

Baadhi ya wasomaji wetu, wakisikia asili hiyo, watauliza papo hapo kama hii si ibada ya watu wengine. Swali ni la haki. Kupumua, kusikiliza, na kuhisi nyayo zilivyokaa sakafuni si milki ya dini yoyote; kinachotazamwa ni kile kinachowekwa juu yake. Kikao kikiwekewa sanamu, au maneno ya kumwomba asiyekuwa Mwenyezi Mungu, Muislamu hana kiti humo. Kikao kisicho na hayo ni tiba miongoni mwa tiba, na hukumu yake ni hukumu ya tiba. Wala wanazuoni wetu hawakuwa wageni wa maradhi ya nafsi. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934 Miladia, alitunga kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi, ambamo hofu, huzuni, ghadhabu na wasiwasi vimeelezwa kuwa ni mambo yenye tiba, na mtu akatakiwa aitunze nafsi yake kama anavyoutunza mwili. Imam Ghazali naye, katika Ihyaa, ametenga kitabu kizima cha muraqaba na muhasaba. Hapa lakini tuwe waangalifu. Muraqaba ni kumchunga Mola katika kila tendo, na zoezi la hospitali halina dai hilo. Wanaosema kuwa vitu hivi viwili ni kimoja wanavipunguza vyote viwili.

Kutoka Rhino Camp

Kaskazini-magharibi mwa Uganda yako makazi ya wakimbizi yaitwayo Rhino Camp, na wengi wa waliomo ni watu waliokimbia vita vya Sudan Kusini. Huko lilijaribiwa somo lililotayarishwa na Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya watu waliolemewa na dhiki, mahali ambapo madaktari wa nafsi ni adimu kama theluji. Walioshiriki katika jaribio hilo walikuwa wanawake 694. Waliopewa somo walikutana katika makundi makubwa, mara 5, kila mara kwa muda wa saa 2 hivi. Mafunzo yenyewe yalikuwa yamerekodiwa kwa Kiarabu cha Juba, na kila mmoja alipewa kitabu cha picha, ambacho hata asiyejua kusoma angeweza kukifuata. Waliowaongoza hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa kawaida waliopewa mafunzo mafupi na kisha wakasimamiwa.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Miezi 3 baada ya vikao, dhiki ya wanawake waliopewa somo ilikuwa imepungua zaidi kuliko ya wale ambao hawakupewa. Tofauti hiyo haikuwa kubwa, na twasema hivyo wazi, maana mambo ya tiba hayapendezi kutiwa chumvi. Somo hilohilo lilipelekwa Uturuki kwa wakimbizi 642 wa Syria, na baada ya miezi 6 waliopatwa na maradhi ya nafsi walikuwa wachache zaidi miongoni mwa waliohudhuria. Katika nchi za Ulaya Magharibi, faida ya namna hiyo haikuonekana ilipofika miezi 6. Kwa hiyo si hirizi. Ni msaada, hufaa mahali fulani kuliko pengine, na hufaa zaidi ukiongozwa ipasavyo.

Tuangalie walivyogawa kazi. Maneno ya somo waliyaweka katika rekodi ili mwongozaji asiongeze lake. Kazi iliyobaki mikononi mwake ilikuwa kukaribisha, kuwasha, kusimamisha, kuwasikiliza wanaochangia, na kumtazama kila aliyeketi. Nyumba ya hifadhi yenye wahudumu 4 na wakaazi 12 yaweza kuanza kwa namna hiyohiyo: sauti iliyorekodiwa kwa Kiswahili fasaha, cha Mvita au cha bara kulingana na walioko, na mhudumu aliyefunzwa kutazama.

Pumzi inayodhuru

Kwa nini mafunzo, ilhali kila mtu ajua kupumua? Sikilizeni maneno haya, ambayo mtu mwema asiyefunzwa huyasema: “Haya, fumbeni macho nyote, vuteni pumzi ndefu, msahau yaliyopita.” Yanaonekana hayana ubaya. Sasa mfikirieni mwanamke aliyekabwa koo. Kwake yeye pumzi ndipo mahali pa hofu. Ukimwambia aielekeze akili yake kifuani, umemrudisha katika chumba kile alichokimbia. Mfikirieni mwingine ambaye aliyemdhulumu ndiye aliyekuwa akimwamuru afumbe macho. Na neno “nyote” ni amri, ilhali mwanamke huyu ametoka katika nyumba ambamo kila kitu kilikuwa amri. Mwandishi David Treleaven alitoa kitabu kizima juu ya hatari hii mwaka 2018, akiwaonya wanaofundisha uzingativu kwamba mtu aliyepatwa na kiwewe akilazimishwa kukaa na yaliyomo ndani yake, huenda akazama badala ya kutulia.

Mhudumu aliyefunzwa husema vingine. Husema: “Mama zangu, dada zangu, tutakaa pamoja dakika 3. Mlango uko wazi. Apendaye kufumba macho afumbe. Asiyependa ayaache wazi, aangalie mahali pamoja sakafuni. Sikieni nyayo zenu zinavyogusa chini. Ukisikia baridi ya saruji, sawa. Usiposikia kitu, sawa pia. Atakaye kuacha na aache, atakaye kutoka na atoke, hakuna atakayemuuliza.” Kisha huwaomba wasikilize sauti za nje, moja baada ya nyingine: kunguru juu ya mwembe, tuktuk inayopita, upepo katika minazi. Sauti ya nje haimgusi mtu mwilini. Ndiyo maana kwa wengi huwa salama kuliko pumzi, na pumzi hungoja wiki nyingine, au haiji kabisa.

Kuna sababu ya kimwili vilevile, na si vibaya mhudumu kuijua ili asiione kazi yake kuwa ya maneno matupu. Mtu akitoa pumzi, moyo hupunguza mwendo kidogo, akivuta, huongeza. Kwa hivyo yule anayeiweza pumzi, na si kila mmoja aiweza, hufundishwa kuirefusha ile ya kutoka, taratibu, kama anayepuliza uji wa mtoto usimwage.

Mengine wanayofunzwa ni ya kuangalia chumba. Viti viwe vimeegemea ukuta, na kila aliyeketi auone mlango. Mlango usifungwe kwa ufunguo. Taa isizimwe ghafla. Mwongozaji asipite nyuma ya watu, wala asimguse mtu begani, hata kwa huruma, pasi na kumuuliza. Watajiwe mapema ni dakika ngapi, na dakika hizo zisizidishwe.

Anayefunzwa hujianza mwenyewe

Sehemu ndefu ya mafunzo, nayo ndiyo aghlabu hurukwa na wenye haraka, ni ile ya wahudumu kufanya zoezi wao kwanza, kwa wiki kadhaa, kabla ya kumwongoza yeyote. Asiyewahi kukaa na hofu yake mwenyewe huogopa machozi ya mwenzake. Akiyaona, hukimbilia kusema “usilie, usilie,” na kikao huvunjika.

Tena kuna jambo ambalo viongozi wa nyumba hizi hawana budi kulikumbuka. Utafiti wa taifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 34 ya wanawake wa Kenya wamewahi kupigwa au kufanyiwa ukatili mwingine wa mwili tangu walipofika umri wa miaka 15. Wahudumu nao ni wanawake wa Kenya. Ukiwakusanya 9 chumbani, kadiria mwenyewe ni wangapi kati yao huenda wana ya kwao. Mpishi anayesikia kisa cha mkaazi mpya huenda anasikia kisa chake. Kwa hivyo chumba cha mafunzo kitayarishwe kama kile cha wakaazi, mlango wazi na hiari kamili, na awepo mshauri nasaha wa kuzungumza na mhudumu atakayetikisika.

Baada ya hapo huongozana wao kwa wao. Mmoja hujifanya mkaazi anayelia, mwingine anayecheka. Kicheko hutokea sana katika vikao hivi, nacho si utovu wa adabu. Mara nyingi ni hofu iliyokosa pa kutokea. Wa tatu hujifanya ndiye anayeinuka na kwenda zake. Mwongozaji hujifunza kutomwita. Mwenzake wa pili, kwa kuwa vikao vizuri huwa na wahudumu wawili, hutoka polepole baadaye kidogo, akamkuta yuko wapi, na kumuuliza kama angependa maji.

Hujifunza pia dalili za mtu aliyezidiwa: macho yaliyoganda, jasho pasipo joto, pumzi za mbio, kuitwa jina asiitike. Hapo zoezi husimamishwa mara moja. Huambiwa jina lake, na mahali alipo, na siku ya leo: “Bi fulani, uko hapa nasi, leo ni Jumanne, watoto wako wako uani.” Hupewa maji baridi aoshe mikono. Huombwa ataje vitu 5 anavyoviona chumbani. Haulizwi kisa chake. Kumuuliza saa hiyo ni kumchimbua kidonda, na mhudumu hana dawa ya kukifunga. Kisha mshauri nasaha huarifiwa. Mkaazi akitaja kutaka kuitoa roho yake, haachwi peke yake hata kidogo, na hupelekwa hospitali siku hiyohiyo. Hapo mipaka ya mhudumu imefika, na aliyefunzwa vyema huijua mipaka yake kuliko anavyolijua zoezi.

Si darsa, wala si badala ya haki

Wako watakaotamani kukigeuza kikao kuwa mawaidha. Twawaomba wasifanye hivyo, hususan wenzetu wa mimbari. Mwanamke huyu ameshaambiwa “subiri” na mama mkwe, na jirani, na pengine na wazazi wake. Subira ina heshima yake katika dini, lakini dini haikumwamuru mtu aketi chini ya dhulma apumue vizuri. Kikao hakimwelekezi mkaazi arudi nyumbani, wala hakimwelekezi asirudi. Kinampa nafasi ya kutosha ndani yake ili uamuzi, utakapokuja, uwe wake.

Na wenye nyumba wasikifanye kuwa kisingizio. Sheria ya Kinga dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2015 inampa mwanamke njia ya kuiomba mahakama amri ya ulinzi. Mahakama ya Kadhi iko kwa masurufu na talaka za Waislamu. Pumzi ndefu haimpi mtu masurufu yake. Nyumba inayoendesha vikao kila asubuhi ilhali jalada la mkaazi limelala mezani miezi 4 imeanza upande usio wake.

Katika nyumba nyingi za hifadhi wakaazi ni wa dini mbalimbali, na kikao cha pamoja hubaki bila dini ili asiwepo anayejiona mgeni. Muislamu atakaye kuongeza lake ana mlango mpana. Udhu wenyewe, ukitawadhwa bila pupa, kila kiungo kikapata maji yake na mtu akayahisi, ni utulivu ambao hauhitaji mwongozaji. Tumewaza pia juu ya siku za hedhi, ambapo mwanamke haswali, na huenda akahisi mchana umekuwa mrefu na hauna vituo. Vikao vifupi vya mchana humfaa sana wakati huo, pamoja na dhikri yake.

Wala si lazima watu waketi. Mpishi aliyefunzwa aweza kukiongoza kikao jikoni, na huenda kikawa ndicho bora katika nyumba nzima. Mkaazi anayekuna nazi juu ya mbuzi huambiwa asikilize mkwaruzo, aangalie weupe unavyoanguka sahanini, anuse, akihisi mkono umechoka abadilishe. Akili ikienda kwake alikotoka, airudishe kwenye nazi bila kujilaumu. Ikienda mara 20, airudishe mara 20. Wapo wanawake wasioweza kukaa kitini dakika 2 ambao huweza nusu saa ya kuchagua mchele. Na msichana wa watoto hufunzwa kuwalaza chali mkekani, kila mmoja na mashua ya karatasi juu ya tumbo, waitazame ikipanda na kushuka kama iko baharini. Watoto hupenda zoezi hili, na mama anayeangalia hulifanya pia bila kuambiwa.

Gharama na zamu

Yote haya yataka muda, na muda wa mhudumu ndio unaodhulumiwa kwanza. Mama mlezi aliyelala saa 3 asiongezewe kikao juu ya zamu yake, akaambiwa ni kazi ndogo. Ashikiwe zamu. Akishamaliza mafunzo, asiachwe peke yake: angalau mara moja kwa mwezi wakutane na aliyewafunza, waseme ni nani alitoka katikati ya kikao, ni nini kiliwashinda, na wao wenyewe wanalala vipi.

Wafadhili wetu, Mungu awazidishie, huleta magodoro, unga, mafuta na nepi, hasa Ramadhani. Twawashauri wenye uwezo waulize nyumba iliyo karibu nao kama kuna mhudumu anayehitaji kulipiwa siku za mafunzo pamoja na mshahara wa atakayemshikia zamu. Sadaka hiyo haipigwi picha kwa urahisi kama magunia, lakini itakuwapo chumbani saa nane za usiku.

Mwenye kuhitaji hifadhi, au anayemjua anayehitaji, apige 1195, haina malipo na hupokewa usiku na mchana. Kwa jambo la mtoto, nambari ni 116.